Rudisha Walioondoka

Enzi zetu, wenzangu mliosoma kwa kibao na kalamu ya jiwe, hesabu haikukaa ndani ya simu. Ilikaa vidoleni, na vidole vyenyewe, asubuhi ya mwezi wa saba kule Masama, vilikuwa vimekakamaa kama vijiti vya kuni. Tulivipulizia kwanza, ndipo vikakubali kuhesabu. Baridi ya mlimani ya siku zile haikuwa hii ya leo ya kuvalia sweta. Ilikuwa baridi ya kugandisha salamu mdomoni: unamwamkia mzee shikamoo kwenye kona ya mfereji, marahaba yake inakufikia ukiwa umeshaingia darasani. Leo mjukuu wangu akitaka kujua saba ukitoa tatu zinabaki ngapi, ananiambia, "Bibi, subiri kwanza, simu haina chaji." Mimi nasubiri. Nitafanyaje?

Nimesema Masama, lakini nyumbani kwa wazazi wangu hapakuwa Masama. Baba alikuwa seremala, naye alikuwa ameshuka kwenda kutafuta kazi Rau, karibu na mji wa Moshi, akakaa huko na Mama na ndugu zangu wanne. Mimi nilikaa juu na Bibi, mama yake Baba, kwenye kihamba cha ukoo. Nyumba katikati, migomba na mibuni imeizunguka pande zote mpaka jua linaingia kwa kuomba ruhusa. Babu alipofariki, ilikuwa lazima Bibi apelekewe mjukuu. Ndiyo desturi yetu, wengi wenu mnaijua: bibi haachwi peke yake na ng'ombe. Anapelekewa mtoto wa kumchotea maji, wa kukata naye majani, wa kumjibu akiita. Kwa hiyo nikawekwa. Sikuwa nimeng'oa hata jino moja.

Siku ya kunipeleka, Baba alinibeba mabegani tangu chini, nami nikaimba njia nzima nikidhani tunakwenda sherehe. Tulipofika akanitua, akanywa mbege kibuyu kizima bila kupumua, akamwambia Bibi, "Mama, huyu hapa." Kisha akaondoka. Nilimtazama mpaka migomba ikamfunika, nikaendelea kuitazama migomba.

Sasa msije mkadhani niliteswa. Bibi alinilisha nikanenepa mpaka wanawake wa sokoni wakawa wananibonyeza mashavu kama wanaochagua parachichi. Mtori wake, mtu akiuonja, alikuwa anasahau alikotoka na anakokwenda. Kiburu chake cha ndizi na maharage kilikuwa kizito kiasi kwamba mwiko ukiuchomeka unasimama wima mpaka kesho yake. Ila kulikuwa na jambo moja. Kwa watu wengine nilisikia mama akiwaambia wanawe, "Usimalize, mbakizie mwenzako." Bibi yeye alikuwa akiniambia, "Maliza, Haika. Hakuna wa kumbakizia." Nami namaliza, tumbo linajaa, na bado nikiangalia chungu naona kama kuna kitu kimekosekana.

Na michezo? Nilicheza yote, na yote niliicheza peke yangu. Nilicheza kombolela peke yangu, jamani! Najificha mwenyewe, kisha natoka kwenda kujitafuta. Msicheke. Kuna siku nilijificha nyuma ya rundo la majani ya ng'ombe, nikajificha vizuri mno, nikakaa nikingoja kutafutwa. Nikangoja mpaka jua likashuka. Nikakumbuka kuwa anayetafuta ni mimi, nikatoka.

Rafiki yangu alikuwa Kidoa, ng'ombe tuliyekaa naye ndani ya nyumba moja, sisi upande huu na yeye upande ule. Alikuwa mweusi, na doa jeupe usoni kama mtu aliyeegemea unga. Huyo ndiye aliyenisikiliza. Nilimsomea a-e-i-o-u, nilimweleza habari za Rau nilizozitunga mwenyewe, naye akatafuna bila kubisha. Pumzi yake ndiyo iliyokuwa ikinipa usingizi. Lakini Kidoa hakuwa wa Bibi. Alikuwa wa Mzee Ndesario, mtu wa ng'ambo ya korongo, ambaye alikuwa amemweka kwetu.

Kwa mlioletwa mjini mkiwa wachanga, nitaeleza kidogo. Mwenye ng'ombe wengi hakuwalaza wote kwake. Alimweka mmoja kwa fulani, mwingine kwa fulani, kijiji hiki na kile. Mwenye kutunza alipata maziwa na mbolea ya migomba, mwenye mali akabaki na mali yake. Na jambo la kwanza mtoto alilofundishwa, kabla hata ya kufunga kamba ya nguo, lilikuwa kwamba ng'ombe wa mtu hawaulizwi idadi. Mzee Ndesario, ambaye nadhani ng'ombe wake wangepangwa mstari wangefika kwenye theluji ya Kibo na kuanza kurudi, akiulizwa anao wangapi alikuwa akikunja uso: "Mimi? Ninaye mmoja tu, naye anakohoa."

Hapo ndipo alipokuja kuingia Mwalimu Zakaria na hesabu zake.

Mwalimu Zakaria alikuwa Msambaa kutoka Lushoto, mwembamba, mwenye kaptula iliyopigwa pasi ikawa na makali ya kukata mkate. Alitufundisha kuongeza, tukaweza. Akatufundisha kutoa, tukaweza. Ndizi kumi ukila nne, nani asiyejua? Siku moja akaja na hesabu mpya kabisa. Alisema, "Leo hamtafuti kilichobaki. Kilichobaki nitawapa. Leo mnatafuta mwanzo." Akaandika ubaoni, akasoma kwa sauti:

"Mzee mmoja alikuwa na ng'ombe. Akauza wawili. Wakabaki watatu. Mwanzo alikuwa na ng'ombe wangapi?"

Tulikuwa kama watu waliosikia tusi kanisani. Tulitazamana. Mwishowe akasimama Aminieli, mtoto wa mzee wa kanisa, aliyekuwa na ujasiri wa watu sita.

"Mwalimu, huyo mzee anaitwa nani?"

"Hana jina. Ni mzee wa hesabu."

"Anakaa wapi?"

"Anakaa hapa ubaoni! Jibu swali."

"Mwalimu, hao watatu ni waliobaki nyumbani kwake, au ni pamoja na aliowaweka kwa watu?"

Mwalimu Zakaria akashusha chaki. "Aliowaweka kwa watu ndiyo nini?"

Loo! Tulimweleza sote kwa pamoja, kila mtu na ng'ombe anayemjua. Mwingine akasema hata hao watatu huenda si wa mzee huyo, amewekewa tu. Mwingine akasema mzee mwenye akili hawezi kuuza wawili watu wakaona. Mwalimu akapiga meza.

"Basi! Basi! Jibu ni ngapi?"

Tukajibu kwa sauti moja, kama wimbo wa Pasaka: "Haijulikani, Mwalimu!"

Alituchapa fimbo darasa zima, tangu benchi la mbele mpaka la nyuma, na Aminieli akaongezewa ya maswali. Lakini kesho yake alikuja mpole. Nadhani mwenye nyumba wake alimweleza ni watu gani aliokuja kuwafundisha. Alifuta ng'ombe ubaoni, akaweka ndizi, ambazo hazina siri, akatufundisha njia ambayo sijaisahau mpaka leo. "Msihangaike na mwanzo," alisema. "Mwanzo hamuuoni. Shikeni mnachokiona. Kilichobaki, kiacheni kikae. Kilichoondoka, rudisha. Hapo mtauona mwanzo umekaa mbele yenu."

Rudisha! Likawa neno la shule nzima. Mtu akikuchukulia kalamu: rudisha! Mpira ukiangukia mferejini: rudisha! Nami, niliyekuwa wa mwisho katika kuimba na wa mwisho katika kukimbia, nikawa hodari wa hesabu ile kuliko wote. Nilikuwa naikamilisha kabla Mwalimu hajamaliza kusoma. Mkungu ukikatwa vichane, najua ulikuwa na vingapi. Mayai ya kuku wa Bibi yakipungua, najua kicheche kala mangapi. Sikuwaambia kwa nini niliipenda. Niliipenda kwa sababu nilikuwa na hesabu yangu, niliyoitunga mwenyewe, na niliyomsomea Kidoa peke yake:

Mama alikuwa na watoto. Mmoja akapelekwa kwa bibi. Wakabaki wanne. Mwanzo alikuwa na watoto wangapi?

Nilimwonyesha Kidoa vidole vitano. Na nilitamani sana kumsikia mtu mwingine akilitaja jibu hilo. Sikutaka zawadi wala kanga mpya. Nilitaka siku moja Mama aulizwe, na mimi niwe karibu.

Haya, siku yenyewe ikafika. Shule ilifungwa, na Bibi akanipeleka kwa wanawake waliokuwa wakishuka na ndizi kwenda sokoni Moshi, akawaambia wanifikishe Rau nikawaone wazazi. Tulianza safari kungali giza, vichane kichwani, umande miguuni. Kadiri tulivyoshuka ndivyo hewa ilivyokuwa nzito, na nilipofika chini nililoa jasho mpaka nikadhani nimepita mferejini bila kujua. Moshi! Masikio yangu yaliyozoea migomba ikipepea yalitaka kukimbia: baiskeli, cherehani barazani, treni ikilia, mwadhini, muuza kahawa akigonganisha vikombe. Niliona mji mkubwa kuliko dunia. Nilipoupitia tena ukubwani, niliuvuka nikiwa natafuna kipande kimoja cha muwa.

Nyumbani Rau walinipokea vizuri. Vizuri mno, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilipewa kiti. Ndugu zangu walikaa chini kwenye mkeka wakisukumana na kunyang'anyana kijiko, nami nimekaa kitini kama katekista. Nilipewa kikombe cha maua, kile cha wageni; wao walinywea vikopo. Dada yangu mkubwa aliniuliza kwa adabu, "Umelala salama?" Nani anamuuliza ndugu yake hivyo? Ndugu anaulizwa, "We, toka hapo, ni pangu." Nilingoja mtu aniambie nitoke mahali. Hakuna aliyeniambia.

Siku ya tatu au ya nne akaja jirani, Bi Zuhura, mwanamke wa mjini, mcheshi, mwenye sauti ya kuita gari. Mumewe alikuwa fundi cherehani. Yeye hakuwa wa mlimani, baba yake mtu wa Pangani na mama yake Mnyamwezi, na kwake swali lilikuwa swali tu. Ndiyo kwanza wamehamia. Walikaa uani na Mama wakichambua mchele; mimi nilikuwa mlangoni nikitwanga chumvi.

"Mashaallah, uwanja umejaa," akasema Bi Zuhura. "Mama Eliya, una watoto wangapi?"

Kinu kikasimama chenyewe. Niliviona vidole vyangu vitano vikiushika mchi.

"Wanne," akasema Mama.

Bi Zuhura akanitazama, akacheka. "Wanne? Na huyu mwenye mashavu?"

Mama hakuinua macho kwenye ungo. "Huyo ni wa bibi yake," akasema.

Wakaendelea kuchambua. Nami nikaendelea kutwanga, maana nifanye nini? Nilitwanga chumvi ile ikawa laini kuliko poda, ikawa vumbi, nadhani nyingine ilipaa ikaenda kukoleza mboga za watu wa Kilema. Jioni Mama alisema, "Haika, leo umetwanga kweli." Nikasema, "Ndiyo, Mama." Nikajiona nimesema kama mgeni.

Nilirudi mlimani. Bibi alinipikia mtori, nikaula nusu. Akaniambia maliza, hakuna wa kumbakizia, nikamwambia sitaki. Hiyo haikuwahi kutokea tangu dunia iumbwe. Akanipima joto kwa mkono, akaninywesha dawa chungu ya mizizi, nami nikainywa bila kupiga kelele, jambo lililomtisha zaidi. Shule ilipofunguliwa Mwalimu Zakaria akatupa mtihani. Swali la mwisho lilisema: Mama alikuwa na mayai. Akampelekea bibi moja. Yakabaki manne. Mwanzo alikuwa na mangapi? Mimi, bingwa wa Masama nzima, nikaandika: manne.

Aliniita mbele. Hakuwa amekasirika; alishangaa tu. "Haika, wewe? Umesahau kurudisha?"

"Sikusahau, Mwalimu. Lililopelekwa kwa bibi halihesabiwi."

"Nani kakwambia?"

Nikarudi kwenye benchi langu. Aminieli, kwa wema wake wa kubeba habari, alifika kwa Bibi kabla yangu, ingawa nyumba yao ilikuwa upande wa pili. Nilipoingia nilimkuta Bibi anamkatia Kidoa mgomba, panga linakwenda haraka kuliko kawaida.

"Njoo hapa. Rau walikufanya nini?"

Nikamweleza. Nilitaka kumweleza bila kulia, na nusu ya kwanza nilifaulu. Bibi alisikiliza, akaendelea kukata, kisha akasimamisha panga.

"Huyu ni ng'ombe wa nani?"

"Wa Mzee Ndesario."

"Watu wakimuuliza Ndesario ana ng'ombe wangapi, anamtaja huyu?"

"Hamtaji."

"Kwa nini? Hamtaki?"

Nikafikiri. Mzee Ndesario alikuwa akija mara kwa mara, eti anapita tu, na kila akipita alimshika Kidoa masikio, akamtazama kwato, akamnong'oneza kitu. Mwaka ule ugonjwa ulipoingia ng'ambo ya korongo na kuwamaliza ng'ombe waliokuwa kwake, alikuja akamkumbatia Kidoa shingoni mbele yetu, mtu mzima, kofia ikaanguka kwenye mbolea asiiokote.

"Anamtaka," nikasema.

"Basi," akasema Bibi. "Sasa toa machozi yako kwenye chakula cha ng'ombe wa watu." Akarudi kukata mgomba.

Maneno yale yalinitosha. Yalinitosha kama wiki mbili. Usiku nilikuwa nikijilaza nikisikiliza pumzi za Kidoa, nikimwambia sisi wawili ni wa kufichwa. Lakini mtoto si ng'ombe, na mtoto hujua. Baada ya hapo nilikuwa najiambia maneno ya Bibi kama mtu anayepuliza moto uliokwisha kuni. Mama hakuja kunishika masikio. Alituma sabuni, alituma nguo, zote zilinikaa vizuri, na sikuwahi kujiuliza ilikuwaje zinikae vizuri.

Niliishia darasa la nne. Miguu ya Bibi ilianza kuvimba, na majani ya ng'ombe hayajikati. Nilimtunza mpaka alipofariki, nikiwa msichana mkubwa. Wazazi wakarudi kukaa kihambani, nami, kama tumepishana njiani, nikaolewa nikashuka Moshi. Mama akaja juu mimi nikaenda chini. Hatukupata kukaa nyumba moja.

Nikapata kazi ya kuchagua buni kwenye kiwanda cha kahawa, tumekaa wanawake safu kwa safu, vidole vinaruka kama kuku wanaodonoa. Bendera ilikuwa imekwisha badilishwa, Baba amekwisha tangulia, na Mama yuko peke yake kule juu na ng'ombe. Mnajua kilichofuata. Nilikuwa na watoto wanne. Nikampandisha Anna, wa pili, mchangamfu, asiyelia hovyo. Alikwenda akiimba.

Ndipo likaja lile darasa la jioni la watu wazima. Mimi nikawa wa kwanza kujiandikisha, na mpaka leo nasema hakuna aliyemaliza lile darasa kwa madaha kama mimi. Cheti changu nilikivalia gauni. Siku ya kwanza mwalimu, kijana mdogo ambaye ningeweza kumfuta kamasi, alipita akituuliza mmoja mmoja chini ya taa ya karabai, jina, kazi, na mengine. Akafika kwangu.

"Mama, una watoto wangapi?"

"Watatu," nikasema.

Lilitoka lenyewe. Jirani yangu wa kiwandani akanigeukia, akafungua mdomo, akanitazama usoni, akaufunga. Nilikuwa nimeliona swali la pili likija nyuma ya lile la kwanza, kama unavyoona gari la pili nyuma ya vumbi la gari la kwanza: na huyo wa nne yuko wapi? Kijana akapita. Sijui alitufundisha nini jioni ile.

Jumamosi nilipanda basi, nikapanda mlima kwa miguu, nikamkuta Mama anamenya ndizi. Anna alikuwa ameenda mferejini. Sikukaa hata chini.

"Mama, shikamoo. Unamkumbuka Bi Zuhura?"

"Marahaba. Nimsahau, na kelele zile?"

"Alikuuliza una watoto wangapi. Ukasema wanne."

Kisu kikaendelea na ndizi ile mpaka mwisho. Akaitia kwenye maji, akachukua nyingine, hakuimenya.

"Ningesema watano," akasema, "angeuliza wa tano yuko wapi. Ningemjibu nini, mwanangu, na wewe umesimama pale mlangoni unanitazama?"

Nikakaa.

"Baba yako alikuwa amekwisha kukuweka. Mama yake yuko peke yake. Ningekudai mbele ya watu? Nikianza kukudai nisingenyamaza." Akafuta pua kwa mkono wenye utomvu. "Kila nikishona gauni la dada yako nilikuwa namsimamisha Mariamu wa jirani, mliyelingana naye, nampima la kwako. Bi Zuhura akawa anasema nimempenda mtoto wa watu."

"Kwa nini mimi, Mama?"

"Kwa sababu hukuwa mtoto wa kulia. Nilijua utamchangamsha." Akaanza kumenya. "Ungelia hata kidogo siku ile, ningewafuata mpaka njiani nikurudishe."

Nami nilikuwa nimeimba njia nzima! Tulicheka, jamani, tulicheka mpaka ndizi zikawa nyeusi, na katikati ya kicheko sijui nani alianza kulia kwanza. Anna alipoingia na ndoo alitukuta hivyo. Kesho yake nilishuka naye, Mama mwenyewe akamfungia nguo zake. Wa kumchangamsha Mama hakupatikana tena. Nilikwenda kila nilipoweza, na sikuweza mara nyingi.

Sasa kihamba kiko mikononi mwangu. Siku hizi mtoto hawekwi kwa bibi, anawekwa kwenye shule ya bweni, na bibi anawekewa picha kwenye simu. Desemba wanakuja wote, kutoka Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, magari yanapanda mpaka mibuni inaegemea upande. Wajukuu wanauliza kwa nini ng'ombe ananuka na kwa nini mtori hauna nyanya. Nawapikia kiburu kizito, wanakikata kama keki. Januari wanashuka. Nafagia uwanja. Nabaki na ng'ombe, ambaye, kwa taarifa yenu, si wangu.

Mwaka ule walipopita vijana wa kuandikisha watu, alikuja kwangu mmoja mpole, amebeba kibao. Ndiyo, kibao, ila hiki kinawaka taa, wenyewe wanakiita kishikwambi. Alinipa shikamoo, akakaa kwenye benchi, kidole tayari.

"Bibi, hapa nyumbani mko wangapi?"

"Unaniona."

Akagusa. "Mmoja. Na watoto?"

Nikatazama uwanja, na migomba iliyomfunika Baba siku ile, migomba mingine lakini mahali palepale. Kijana alingoja kidogo, akaona aibu, akataka kunisaidia.

"Niandike hakuna, Bibi?"

"Futa," nikamwambia. "Weka hicho kidole chini kwanza, mwanangu, tutahesabu kwa vidole vyangu. Aliyebaki mwache akae. Sasa rudisha walioondoka, mmoja mmoja, na majina yao nitakutajia."